Kontroboksi ya Kaka

Jumatatu, 3 Machi

Wifi kaja gereji leo. Mara ya kwanza tangu tumzike Kaka. Hakukaa. Alisimama mlangoni, mkoba kaubana kwapani, akaniuliza kama injini ya gari la marehemu bado inafaa.

Nikamwambia inafaa. Gari liligonga ukingo wa daraja kwa pembe ya kushoto — taa, rejeta, gurudumu, mlango, vyote kwisha. Injini haina hata mkwaruzo. Gari lenyewe liko kule nyuma, chini ya turubai. Wiki sita naliangalia kila siku, najua kila kilichopona.

Basi itie kwenye kombi, akasema. Shule zinafunguliwa tarehe kumi na tisa. Amekubaliwa kuwabeba watoto kumi na wanne, asubuhi na jioni. Kombi ikitembea ataishi, isipotembea hajui.

Kombi yao! Miaka miwili iko uani, injini ilikufa siku moja bila kuaga. Kaka alikuwa akisema mwezi ujao, kila mwezi. Kuku wa jirani wanatagia humo ndani, na Wifi huwa anakula mayai bila kuuliza ni ya nani.

Nikasema ndiyo kabla sijafikiri. 

Alishaondoka, akarudi hatua mbili. "Wifi, unakula lakini?" Nikasema nakula. Na yeye? Anakula. Mifupa ya mabega imemtokeza kama hanga ya nguo. Tunadanganyana vizuri tu.

Jumatano, 5 Machi

Jana kombi ilivutwa mpaka gereji, na leo injini ya gari la Kaka imeshuka. Masaa matano mazima, mimi na winchi ya mnyororo. Mafuta machafu hadi kwenye nywele.

Nilipong'oa kiti cha abiria nikakuta spana namba kumi. Yangu! Ina alama yangu ya rangi nyekundu. Ilipotea mwaka jana, nikapekua gereji nzima. Kaka ndiye aliyenipa jina la Kumi, nilipoanza kazi, kwa sababu spana hiyo sikuwahi kukaa nayo wiki mbili. "Kumi, kumi iko wapi?" Kila akipita hapa, salamu yake hiyo. Kumbe anayo yeye. Mwizi mkubwa! Nilicheka peke yangu kama mwehu. Kisha nikakaa sakafuni nikalia mpaka pua ikaziba.

Jioni kaja Fundi Waya. Huyu ndiye anayetufungia umeme wa magari karibu gereji zote za huku. Tumbo lake haliingii chini ya usukani, kwa hiyo hujilaza chali miguu ikiwa nje, na huku anaongea. Anaongea akila, anaongea akichomelea. Tumezungumza kuhusu kontroboksi, lile sanduku la umeme linaloiamuru injini. Injini hii haiwaki kwa waya mbili na maombi, inataka ubongo wake.

Njia tatu, anasema. Ya kwanza, kontroboksi mpya tupu, ya kujipangia wenyewe kwa laptopu. Inafundishwa kila kitu — mafuta kiasi gani asubuhi kukiwa na baridi, kiasi gani mlimani. Ya pili, ya mtumba, inayofanana na ya gari hili, itafutwe kwenye magari yanayochinjwa kuuzwa spea. Ya tatu, hii hii ya marehemu.

Yeye anataka ya tatu. Inaijua injini hii, hakuna kubahatisha. Ila imefungwa kwa ufunguo wa gari wa Kaka, haiitikii mwingine, na ufunguo ulipotea siku ile darajani. Lazima aifungue mezani. Na kufungua kunaanza na kufuta. Ilichokumbuka chote kinaondoka.

Nikauliza inakumbuka nini, kama vile sijui.

"Wewe tena, bosi! Injini ikizimika kwa kishindo inaandika pale pale. Mwendo ulikuwa ngapi. Mguu ulikuwa kwenye mafuta au kwenye breki."

Ninajua. Miaka kumi na moja nafanya kazi hii. Ndiyo maana sijaunganisha mashine ya kupimia kwenye gari lile hata siku moja.

Nimemwambia nataka mpya, tupu. Akashangaa. Watoto wataanza kupanda tarehe kumi na tisa, na hiyo inataka kufundishwa mwezi mzima barabarani. Izimike katikati ya makutano na watoto kumi na wanne ndani?  Niliipenda kwa sababu moja tu, kwamba haijui chochote.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi Waya na mdomo wake! Kakutana na Wifi dukani, kamwelezea kila kitu. Kwamba kuna sanduku, kwamba lina kumbukumbu, kwamba mimi na yeye tunahangaika kuchagua. Alidhani anampa faraja.

Wifi kaja moja kwa moja. Safari hii alikaa, juu ya tairi, viatu vyake vizuri kwenye mafuta. Akauliza: kwa hiyo inajua kama alikanyaga breki?

Inajua, nikasema.

 Halafu akaniambia jambo ambalo hajamwambia mtu. Jumapili ile ya ajali, asubuhi, waligombana. Kisa kombi. Alikuwa amechoka kuiona imekaa uani. Alimwambia mume wake aende kwa yule mtu anayeuza injini, aache maneno. "Nikamwambia, usirudi hapa bila injini. Nilisema hivyo hivyo, wifi. Mlango nikaubamiza."

Alikuwa anatazama injini, inaning'inia kwenye mnyororo mbele yetu.

"Si unaona? Imerudi injini."

 Nikamshika mkono, mkono wangu mchafu, hakujali. Alichotaka ni hiki: kujua kama Kaka alikanyaga. Kama alikanyaga, basi alitaka kurudi nyumbani. Kama hakukanyaga — hakumalizia. Polisi waliandika huenda alisinzia. Saa nne asubuhi? Mtu aliyetoka kugombana hasinzii, Wifi anasema. Mtu kama huyo anaachia tu gari liende.

"Nisomee, wifi. Kabla hamjafuta. Hata kama ni kibaya."

Nikasema tutaona. Neno la kijinga. Nikampa kitambaa afute viatu.

Jumapili, 9 Machi

Leo ni siku ya kupumzika, nimeshinda kitandani. Niandike tu. Hakuna anayesoma daftari hili.

Alhamisi, tarehe kumi na sita Januari, Kaka alileta gari, breki zinalia. Nikabadilisha pedi za mbele. Nilipotoa gurudumu la kushoto niliuona mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kwenye gurudumu. Ulikuwa na ufa. Mwembamba kama unywele. Nikaukunja kwa vidole, ufa ukafunguka kidogo, ukafunga. Haukuvuja. Sikuwa na mpira mwingine hapa gereji. Kaka alikuwa nje anapiga honi kwa mdomo, ana haraka. Nikasema moyoni nitaubadilisha wiki ijayo akija kumwaga oili.

Sikumwambia.

Sikuona haja. Angenitania, angesema Kumi umekuwa mwoga. Jumapili gari likaingia darajani.

Nimeuangalia mpira ule baada ya ajali. Umekatika. Lakini pembe yote ya kushoto imekatika, bodi imekunjwa kama karatasi, mpira gani ungepona? Ulikatika kabla au wakati wa kugonga, hakuna wa kusema. Isipokuwa sanduku.

Kwa hiyo ni hivi. Kama Kaka hakukanyaga, Wifi atajua maneno yake yalimfuata hadi darajani. Kama alikanyaga na gari halikupungua mwendo, basi ni mimi. Ni ufa wangu. Wifi anaomba breki iwe ilikanyagwa. Mimi, dada yake wa tumbo moja, naomba iwe haikukanyagwa. Naomba ndugu yangu awe alitaka kufa, ili mimi nipone!

Nimeisoma tena sentensi hiyo. Ndiyo, nimeiandika mimi.

Jumanne, 11 Machi

Nimepata ya mtumba. Nimezunguka kwenye vyuma chakavu toka asubuhi, jua linachoma, mpaka kwa mzee mmoja anayepanga makontroboksi kwenye rafu kama vitabu. Umbo ni lile lile, soketi zile zile, na ufunguo wake unakuja pamoja. Nilitaka kumbusu mzee wa watu.

Ya Kaka nimeifunga kwenye taulo, nikaiweka kabati la juu. Nimemwambia Wifi haitafutwa, tutaisoma siku moja tukiwa na nguvu. Kakubali. Sauti yake kwenye simu ilikuwa imenyong'onyea, sikujua ni ahueni au ni kuvunjika moyo.

Kwenye kombi nimebadilisha mipira yote minne ya breki. Ile niliyoitoa ilikuwa mizima. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Alhamisi, 13 Machi

Imewaka! Halafu imekataa.

Inawaka, inanguruma vizuri, ukikanyaga mafuta inapanda kidogo tu, kisha inajizuia. Haivuki mwendo wa baiskeli. Fundi Waya kalala chali nusu siku, kakagua wayaringi yote, kanitukania kiwanda, kajitukania mwenyewe. Mwisho kasoma namba za kwenye kibandiko kwa tochi. Tarakimu zote sawa, herufi ya mwisho tofauti. Hii ni ya gari lenye gia za otomatiki. Kombi ina gia za mkono.

"Inatafuta giaboksi yake," akasema. "Haiioni. Basi imegoma. Inasubiri."

Sikuangalia herufi ya mwisho! Mimi! Ninayewafokea wateja wanaoleta spea bila namba. Nilitaka sana iwe hiyo, nikaona nilichotaka kuona.

Nimerudi kwa mzee wa rafu. Hana nyingine. Nimepiga simu sehemu saba.

Ijumaa, 14 Machi

Hakuna. Siku tano zimebaki. Wifi kapaka kombi rangi ya pembeni yeye mwenyewe, mstari wa njano, umepinda. Anajisifu haujapinda.

Nimeshusha taulo kabatini.

Jumamosi, 15 Machi

Niandike polepole.

Saa nne asubuhi. Kontroboksi ya Kaka mezani, kifuniko nje, betri pembeni, waya sita. Wifi alitaka kuwepo. Nikamwambia aje saa nane, itachukua muda. Uongo wa kwanza huo.

Fundi Waya ana desturi yake. Kabla ya kufuta chochote anaandika alichokikuta kwenye tepu ya karatasi, anaibandika kwenye sanduku lenyewe. Mashine yake huzimika ovyo, ndiyo maana. Kwa kawaida anasoma kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Nikamwambia leo usinisomee.

Akawasha. Akaangalia kioo cha mashine. Mtu yule, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, alinyamaza. Akaandika mistari miwili. Akaikunja tepu, maandishi yakaingia ndani, gundi ikabaki nje, akaibandika ubavuni mwa sanduku. "Hii ni ya kwenu," akasema. "Mimi nimefumba macho." Akatoka kwenda kunawa mikono. Alinawa muda mrefu, nilisikia bomba.

Mashine ilikuwa inauliza. Futa? Ndiyo. Hapana.

Kila fundi anajua. Futa kwanza, washa, uone hitilafu gani inarudi. Inayorudi ndiyo ya kweli. Nimelifanya jambo hilo mara elfu ngapi? Kidole gumba kinajua njia chenyewe. Nilikuwa nimegeuza shingo kutazama mlangoni na kidole kikabonyeza.

Sijui kama ni mazoea. Naandika hapa, peke yangu, na bado sijui.

Mashine ikafikiri kidogo, ikaandika: Hakuna hitilafu iliyopatikana.

Fundi Waya aliporudi nikamwambia nimefuta. Hakushangaa, akashika kazi ya kufungua. Tepu nikaibandua, nikaitia mfukoni mwa ovaroli.

Saa nane Wifi kaja. Nikamwambia bado, rudi Jumatatu.

Jumatatu, 17 Machi

Inatembea. Nimeiendesha mimi, kilima kile kirefu, ikapanda bila kushtuka. Sauti ni ile ile. Nikipunguza mwendo ina kale kamluzi kadogo ambako Kaka alikuwa anakaita mlio wa birika. Nilisahau kabisa kamluzi hako. Nikapaki pembeni mpaka macho yaone njia.

Breki nimezipima mara ishirini. Mtu mmoja nyuma yangu kanitukana.

Wifi alikuwa anasubiri kwenye ua wa gereji. Alipoisikia tu akaziba mdomo kwa mikono miwili. Akaizunguka, akaigusa boneti, ya moto, hakutoa mkono.

"Sanduku lilisema nini?"

Fundi Waya alikuwa anakusanya vifaa. Aliinama zaidi.

Limefutika, nikasema.

"Kabla hujasoma?"

Kabla sijasoma.

Maneno yote ya kweli. Naweza kuapa kwa kila moja. Na tepu imeganda kwenye kitambaa cha mfuko wangu, naisikia pajani.

Hakulia. Akatikisa kichwa taratibu. "Basi. Ndiyo langu hilo. Nitaishi najua nilimwambia nini." Akaniambia ahsante, wifi. Akaniuliza nimekula.

Fundi Waya aliondoka bila kuaga. Tangu nimfahamu hajawahi kuondoka bila kuaga.

Jumanne, 18 Machi

Saa tano asubuhi sasa, bado nimekaa kwenye benchi la kazi. Wifi yuko nje. Naandika kwa sababu mikono haiwezi kushika kitu kingine.

Alikuja saa nne kuchukua kombi. Kesho saa kumi na mbili asubuhi mtoto wa kwanza anasimama getini kwao kumsubiri. Amevaa vizuri, amesuka nywele, mara ya kwanza tangu msiba. Ameniletea soda. Nikamwangalia anavyofungua soda yangu kabla ya yake, nikashindwa.

Nikamwambia. Nilianzia mwisho — kwamba halikufutika lenyewe, nililifuta mimi, na kwamba kuna tepu. Kisha nikarudi nyuma mpaka Alhamisi ile. Pedi. Mpira. Ufa. Nilionyesha kwa vidole jinsi ulivyofunguka na kufunga. 

Aliniuliza swali moja. Kaka alijua?

Hakujua. Sikumwambia.

"Siku tatu aliendesha."

Siku tatu.

Aliiweka soda chini. Hakunipigia kelele. Ningependa anipigie kelele. Akasema kwa sauti ya chini kabisa: "Wiki nane, wifi. Wiki nane nakuuliza kama umekula."

Nikatoa tepu mfukoni. Imetoka na nyuzi za kitambaa. Nikaiweka kwenye benchi, katikati yetu. Nikamwambia mimi sijaifungua, naapa, na mwenye haki ya kuifungua ni yeye. Nikamwambia kama anataka nifungue mimi nitafungua. Kama anataka nimwite Fundi Waya atamke, nitamwita.

Aliitazama. Aliinua kidole, akakaribia kuigusa, kucha yake ilikuwa juu yake kabisa. Kisha akachukua ufunguo wa kombi kwenye msumari ukutani, akatoka.

Nilimsikia akipanda. Mlango haukubamizwa, ulifungwa taratibu, ukabonyezwa mpaka ukaingia. Kabla hajawasha alikanyaga breki. Nilisikia pedali, mara moja, mara mbili, mara tatu. Ndivyo nilivyomfundisha jana. Ndipo akawasha.

Injini imetulia, haina kosa hata moja. Kamluzi kako pale pale.

Nilidhani ataondoka. Hajatia gia. Nilidhani atarudi ndani. Hajazima. Kutoka hapa nilipo simwoni uso, mlango umekaa vibaya, naona sehemu ya nyuma tu ya kombi na mstari wake wa njano uliopinda, na ukuta mweupe wa ua, ulio kivulini.

Tepu iko hapa mbele ya daftari. Imekunjwa bado. Soda yangu sijaigusa.

Dakika kumi na tano. Taa za breki zinawaka, nyekundu, ukuta mzima umekuwa mwekundu. Ameikanyaga tangu alipowasha. Hajaachia.